Utu Uzima na Lugha ya Tahadhari: Wasia, Karantini na Nafsi ya Msemaji

Waswahili husema utu uzima dawa. Methali hii ni fupi, na huenda ufupi wake ndio uliowafanya wahakiki waipite bila kuitazama mara ya pili. Haisemi kwamba mtu mzima ana dawa, wala kwamba anaijua dawa; yasema utu uzima wenyewe ndio dawa. Mtoto asiyelala hupelekwa kwa bibi yake. Mke na mume wakikosana huitiwa mzee. Hata aliyefiwa hutulizwa kwanza na yule aliyewahi kufiwa zaidi yake. Tarehe 13 Machi 2020 Serikali ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini, na haukupita muda mrefu methali hii ikawa imepinduliwa kichwa chini miguu juu. Aliyekuwa dawa alikuwa sasa ndiye wa kuhofiwa, ama wa kuhofiwa kwa ajili yake, na lugha iliyotumiwa haikujali kuzitenga hali hizi mbili.

Makala haya yanakusudia kuihakiki lugha hiyo: lugha ya matangazo, ya mabango na ya hotuba ambazo kwazo wasemaji wa Kiswahili wa Kenya walielezwa habari za wazee wao na hatari ya ugonjwa katika miaka ya 2020 na 2021. Itahakikiwa kwa kulinganishwa na tungo za kale ambazo ndani yake mtu anayazungumza mauti yake mwenyewe. Yamkini msomaji ataona ni dhuluma kulipima tangazo la wizara kwa mizani ya utendi. Lakini matini zote mbili zina shughuli moja, nayo ni kumwambia mtu kwamba siku zake zaweza kuwa chache na kumwambia afanye nini kwa ajili hiyo. Ni ipi iliyoiweza kazi hiyo, na kwa sababu gani, ni swali la mwanafunzi wa lugha kama lilivyo la tabibu.

Na tuanze na neno mzee. Katika Kiswahili cha Kenya neno hili halitaji miaka. Mke humwita mumewe mzee naye hajafika arubaini. Karani humwita mkuu wake mzee. Utingo wa matatu humwita mzee abiria anayetaka kumtuliza. Na Rais wa kwanza wa Jamhuri aliitwa Mzee na taifa zima hata neno likawa kama sehemu ya jina lake. Ni neno la cheo kabla ya kuwa neno la umri. Pwani aliyezeeka hasa huitwa mtu mzima kwa adabu. Shaibu na ajuza ni maneno makali zaidi, na ajuza lina dharau ndani yake. Kikongwe ni yule aliyefika ukingoni. Basi tangazo liliposema wazee wabaki nyumbani, kila aliyelisikia alikuwa na haki ya kudhani kwamba anasemwa mwingine. Mwenye miaka 65 aliyezoea kuitwa mzee kwa heshima hakuona kwa nini heshima hiyo imfungie mlango. Na kikongwe wa miaka 90 hakuhitaji kuambiwa abaki nyumbani, kwa kuwa hakuwa akitoka.

Dola nayo haikuwa na hesabu moja. Katiba ya mwaka 2010 yamhesabu mzee kuwa ni mtu aliyepita miaka 60. Mpango wa Inua Jamii, tangu 2018, uliwapa fedha waliofika miaka 70. Tarehe 6 Julai 2020, nyumba za ibada zilipofunguliwa tena kwa masharti, aliyepita miaka 58 aliambiwa asihudhurie, akawekwa pamoja na mtoto wa chini ya miaka 13. Umri wa kuzuiwa, kwa hivyo, ulitangulia umri wa kupewa kwa miaka 12. (Kwa kipimo hiki cha ibada, si haba idadi ya wasimamizi wa tasnifu walioingizwa uzeeni pasi na kuarifiwa na idara zao.) Wala mpaka wenyewe haufai kukejeliwa, maana hatari ya kufa kwa Korona ilipanda kwa kasi kadiri umri ulivyopanda, na mahali fulani ilibidi mstari upigwe. Lililokosekana ni neno la kuuelezea mstari huo kwa yule aliyeangukia upande wa pili.

Hatari ni neno jingine lililofanya kazi mbaya. Kusema wazee wako katika hatari ni kusema kwamba kuna jambo laweza kuwapata. Lakini katika sarufi ya Kiswahili nomino hii ikifuata nomino nyingine bila kiunganishi hugeuka sifa: mbwa hatari, barabara hatari, mtu hatari. Palipozungumzwa juu ya makundi hatari, sikio la Mswahili halikusikia watu wanaohitaji kulindwa. Lilisikia watu wa kuepukwa. Herufi mbili tu, ya au la, zingetosha kupunguza ukali huo, na kirai kizima, walio katika hatari, kingeuondoa kabisa. Ni kosa dogo la tafsiri iliyofanywa mbio. Hata hivyo mjukuu aliyeambiwa kwamba bibi yake yumo katika makundi hatari hana sarufi ya kujikinga nayo.

Lililo zito zaidi ni matumizi ya umri katika taarifa za kila siku za mwaka 2020. Taarifa hizo zilikuwa na muundo usiobadilika: idadi ya waliopimwa, idadi ya walioambukizwa, mdogo wao ana umri gani na mkubwa wao umri gani, kisha waliofariki, na mara kwa mara nyongeza kwamba marehemu walikuwa na maradhi mengine. Kila sehemu ya muundo huu ina faida yake kwa mtaalamu wa takwimu. Lakini itazamwe kama matini. Umri na maradhi mengine yanakuja baada ya kifo kama jibu linalokuja baada ya swali. Yakisha kutajwa, swali limefungwa. Waswahili nao husema matangani kwamba marehemu ameishi, ameona wajukuu na vitukuu. Maneno yanafanana, ila msemaji si yuleyule. Katika kinywa cha aliyefiwa ni shukrani, na yeye peke yake ndiye mwenye haki ya kuyatamka. Katika kinywa cha mtangazaji ni faraja kwa wasiofiwa: wanaambiwa kwamba kifo hiki hakikuwa chao.

Hapa ndipo suala la nafsi linapojitokeza. Katika takriban matini zote za tahadhari za miaka hiyo, mzee yumo katika nafsi ya tatu. Anayeambiwa ni mtoto wake: mlinde mzee wako, usiende mashambani ukamwambukiza, mnunulie barakoa. Ni mawaidha mema, na yaliokoa maisha. Hata hivyo ni ajabu kwamba katika jamii ambayo mtoto hafungui kinywa mbele ya mzee kabla ya shikamoo ama salamu nyingine ya adabu, jambo lililomhusu mzee kuliko wote lilipelekwa kwa mtoto kwanza, naye mzee akalisikia kwa kupitia, kama mtu anayesikia hukumu yake kutoka chumba cha pili.

Ilinganishwe hali hiyo na Utendi wa Mwana Kupona. Mtunzi alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siu, na utendi wake ni wa mwaka 1858. Alifariki yapata miaka miwili baadaye. Wahakiki wengi wameusoma utendi huu kwa jambo moja tu, mafunzo ya mke kwa mumewe, na mjadala kuhusu utiifu unaofundishwa humo umekuwa mrefu na wa haki. Ila mjadala huo umeufunika ukweli ulio wazi katika beti za mwanzo kabisa: huu ni utungo wa mgonjwa. Mama anasema maradhi yamemshika mwaka mzima. Anamtaka bintiye ajongee, aketi karibu, alete wino na karatasi, kwa kuwa moyoni ana jambo analotaka kumwambia. Ndipo anapompa hirizi ya maneno na kumtungia kidani cha lulu na marijani. Hakuna tabibu katika beti hizi, wala jirani, wala mtu wa tatu anayemweleza binti kwamba mama yake yu mahututi. Mgonjwa ndiye mwenye habari, na habari ya maradhi yake ndiyo inayompa haki ya kusema na kusikizwa.

Kwa hakika Mwana Kupona hakuwa kikongwe. Inakisiwa kwamba alizaliwa yapata 1810, na kwa kipimo cha Julai 2020 angeruhusiwa kuingia msikitini. Ila utu uzima katika utendi wake hauhesabiwi kwa miaka. Unatokana na kukikaribia kifo akili ingali timamu. Na kufa kwake hakumwondoi katika shughuli za nyumba. Kinyume chake, kunamrejesha katikati ya nyumba kwa nguvu kuliko alipokuwa mzima. Mwishoni anaomba dua, akiwataja wanawe na kuwakabidhi kwa Mola. Anajua kwamba atawaacha, na kwa sababu anajua anapanga. Wasia kama fani ya fasihi hauwezekani pasipo ujuzi huo. Shaaban Robert, karibu karne moja baadaye, aliifuata njia hiyohiyo alipowatungia watoto wake Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili, japo yeye hakuandika akiwa kitandani.

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir huenda mbele zaidi katika suala hili la nafsi. Mshairi yule wa Pate hakusema kwamba wazee watakufa. Anauambia moyo wake mwenyewe. Majumba ya Pate yaliyobomoka, kumbi zilizokaliwa na popo, mabwana waliolala mavumbini, vyote hivi vinaletwa viushuhudie moyo mmoja ulio kifuani mwa msemaji. Msomaji hujikuta anaonywa kwa kusikia mwingine anavyojionya. Mbinu hii ya kufikisha onyo kwa kujionya ndiyo iliyokosekana kabisa katika lugha ya mwaka 2020, iliyokuwa kila mara ikimwonyesha kidole mtu aliye mbali kidogo na msemaji.

Tungo kama hizi ndizo zinazotajwa kuwa ushahidi wa dai lililosikika mara kwa mara: ya kwamba wazee wa pwani, na Waafrika wazee kwa jumla, hawakujali tahadhari kwa kuwa imani yao yawafunza kwamba siku ikifika imefika. Dai hili lina sura ya ukweli, maana maneno hayo yalisemwa, na wapo walioyasema huku wakikataa barakoa. Hata hivyo halistahili kukubaliwa kabla ya kulitazama neno ajali. Katika Kiswahili cha kale ajali ni muda uliopangwa, kikomo cha uhai ambacho Mungu amekiandika. Katika Kiswahili cha magazeti ajali ni basi lililopinduka: jambo lisilopangwa na mtu yeyote. Neno moja limevuka kutoka ng'ambo moja ya maana hadi nyingine. Mzee aliposema ana ajali yake alisikiwa na vijana kana kwamba anajitupa barabarani, hali yeye alikuwa anasema kwamba uhai wake una mwenyewe na una hesabu.

Na imani hiyo yenyewe haimfungi mtu mikono. Masheikh walioulizwa mwaka 2020 kuhusu kufungwa kwa misikiti walikuwa na kisa cha kurejea, nacho ni cha mwaka 639, tauni ya Amwas. Khalifa Umar bin Khattab alikuwa njiani kuelekea Sham alipopata habari ya tauni, akaamua kurudi. Abu Ubaida bin Jarrah akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Jibu la Umar, kwa mujibu wa mapokezi, ni kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu, akapiga mfano wa ngamia na bonde lenye upande wa rutuba na upande mkavu: popote mchungaji atakapowalisha, atakuwa amewalisha kwa kadari. Mafunzo ya Mtume ya kutoingia katika nchi yenye tauni, na kutotoka ndani yake, yako katika mapokezi hayohayo. Mzee wa Mji wa Kale wa Mombasa, mtaa uliozuiwa kuingiwa na kutokwa mwezi Mei 2020, hakukosa elimu ya dini ya kumwezesha kukubali kufungiwa. Alikosa mtu wa kumjia kwa elimu hiyo.

Iko sababu nyingine ya utulivu wa wazee wale, na haina uhusiano na vitabu. Kizazi kilichofika miaka 70 mwaka 2020 ndicho kilichowazika watoto wake. Ukimwi ulithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1984, na mwaka 1999 ukatangazwa kuwa janga la taifa. Katika miaka hiyo ugonjwa ulichukua vijana ukaacha wazee, na bibi wengi walianza kulea upya walipotarajia kulelewa. Kwa mama wa namna hiyo, ugonjwa unaoanza na wazee na kuwaacha wajukuu ulikuwa, kwa lugha yake, ugonjwa wenye adabu. Wanaomhesabu mama huyo miongoni mwa wasiojali maisha wamekosea kusoma. Ameyapima maisha kwa mizani ambayo mtangazaji hakuwa nayo.

Turudi kwenye msamiati, kwani hapo pana funzo la kiufundi. Neno karantini liliingia likiwa tayari limechafuka: mwaka 2020 waliokamatwa kwa kuvunja kafyu walipelekwa karantini, na wengine walidaiwa gharama ya kukaa huko. Mahali pa kinga pakawa mahali pa adhabu, na neno likashika harufu ya korokoro. Ilhali Kiswahili kina maneno yake ya kujitenga. Eda ni ya mjane, miezi minne na siku kumi. Inajulikana ilipoanza na itakapokwisha, na wote waliomo nyumbani wanajua wajibu wao kwa anayekaa. Kujifungia kwa wazee wa mwaka 2020 hakukuwa na hesabu kama hiyo, na mtu huvumilia siku mia kwa urahisi kuliko siku zisizo na idadi. Kutawa, nako, ni kukaa ndani kwa heshima na ibada; mtawa amejitenga na walimwengu kwa hiari, na wanaomtembelea humwendea kwa adabu. Lau wazee wangeombwa watawe, wangeombwa jambo ambalo lugha yao imelipa hadhi. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, alitumia umri wake akitetea njia hii ya kuchota istilahi katika hazina ya lahaja kabla ya kukopa, na hapa hoja yake ingepata mfano usio na ubishi.

Ubishi upo, hata hivyo. Kutawa si neno safi. Katika miji ya pwani ya zamani aliyetawa alikuwa mwanamke mwenye nasaba, na aliweza kutawa kwa kuwa alikuwapo mtumwa wa kumtekea maji na kumwendea sokoni. Hadhi ya yule wa ndani ililipwa na jasho la yule wa nje. Sifa hii mbaya ya neno ndiyo inayolifanya liwe la kweli kupita kiasi kwa habari za mwaka 2020: mzee wa Nyali mwenye mtumishi alitawa, mzee wa Mathare anayelala chumba kimoja na wajukuu watano hakuwa na pa kutawa, hata angeambiwa kwa Kiswahili kizuri namna gani. Istilahi haijengi chumba. Barakoa lilikuwa na bahati kuliko wenzake. Lilikuwa tayari jina la vazi la uso la wanawake wa pwani wenye desturi za Oman, likahamia kwenye kitambaa cha kuzuia maradhi bila ya kupoteza staha yake, na leo mtoto wa bara hulitamka asijue lina historia.

Wala isidhaniwe kwamba mapokeo ya Kiswahili yana upole tu kwa wagonjwa. Kisa cha Nabii Ayubu, ambacho washairi wetu wamekitungia utendi, kina upande wake mchungu. Katika masimulizi ya visa vya Mitume, maradhi ya Ayubu yanapozidi watu wanamtenga na kumtoa mjini, na mkewe peke yake ndiye anayebaki kumhudumia, akifanya vibarua ili ampatie chakula. Masimulizi hayawatetei watu wa mji wala hayatumii nafasi kubwa kuwalaani. Yanamfuata mke. Hofu ya kuambukizwa inachukuliwa kuwa jambo la kawaida la wanadamu. Linalostahili kusimuliwa ni nani aliyekwenda naye. Kwa kigezo hiki hadithi za mwaka 2020 zilizosimuliwa kwa takwimu ziliwahesabu wagonjwa wote, ila hazikumhesabu hata mmoja wa wale waliokwenda nao.

Mwezi Machi 2021 chanjo ilifika, na ileile namba 58 iliyomtoa mtu katika nyumba ya ibada ikamweka mbele ya foleni. Wengi walisita. Walioshangazwa na kusita huko wangefaa kukumbuka kwamba kwa mwaka mzima mtu huyu alikuwa amesemwa tu, na sasa kwa ghafla anasemeshwa.

Lakini hasara kubwa haikuwa ya matangazo. Tangu tarehe 6 Aprili hadi 7 Julai 2020 njia za kutoka na kuingia Nairobi zilifungwa, na kuanzia tarehe 8 Aprili zile za Mombasa, Kwale na Kilifi. Waombolezaji wa mazishi walipunguzwa wakawa 15. Mgonjwa aliyetengwa hospitalini hakuonwa na wanawe. Masharti haya yalikuwa na hoja, na huenda bila ya hayo makaburi yangezidi. Ila yalivunja jambo ambalo wasia umesimama juu yake, yaani ukaribu wa miili miwili. Umbali wa mita moja na nusu ni mkubwa kwa mtu asiye na pumzi ya kupaza sauti. Wapo wazee waliosema ya mwisho kwa simu, na mtoto akayapokea akiwa amesimama kwenye kituo cha basi, au pembeni mwa karakana, kelele zikimeza nusu ya maneno. Na wapo waliokufa na neno lao moyoni. Anayetaka kujua jinsi Kiswahili kilivyoyakabili mauti katika miaka ile hatapata jibu katika majalada ya wizara. Atalipata, ikiwa halijafutwa, katika sauti zilizorekodiwa ndani ya simu za watu, na utafiti wa sauti hizo ni wa haraka kuliko uchambuzi mwingine wa vina na mizani.

Katika utendi mzima Hashima, binti wa Mwana Kupona, hasemi neno. Anachotakiwa ni kujongea, kuketi, na kuwa na wino na karatasi karibu.